Pama ya Baba Yako

Mwanangu mpendwa,

Salaam nyingi kutoka Walukuba, hapa Jinja. Sisi hatujambo, na mvua imeanza. Umeniuliza kama ile kofia ya pama ya kijivu ya marehemu baba yako unaweza kuivaa na suti kwenye harusi ya rafiki yako mwezi ujao, au watu wa Kampala watasema umejigeuza mzee. Tena unauliza kama suti ya mtumba ya soko la Owino inafaa, au ushonewe mpya.

Pama ivae. Baba yako alikwenda nayo ofisi ya reli kila asubuhi, na wakati huo hakuwa mzee, alikuwa na miaka thelathini. Ingekuwa kwanjula, sherehe ya kujitambulisha kwa wazazi wa bibi harusi, ningekukataza, maana siku ile kanzu na koti vinatosha. Lakini kwa harusi ya kanisani, ivae hadi mlangoni, kisha uivue. Uivue pia ukikaa kula, na ukimsalimia mtu mzima. Baba yako akimwona mama yangu kwa mbali tu, mkono ulikuwa tayari uko kwenye kofia.

Unasema inakushuka hadi masikioni. Kichwa chake kilikuwa sentimita 59. Chako nilikipima ulipomaliza sekondari, kikawa 57. Kipime tena: tepu ipite katikati ya paji la uso na juu kidogo ya masikio, isikaze. Ukikuta bado ni 57, kofia usimpelekee mtu aikate. Ndani kuna ukanda wa ngozi. Ugeuze nje, kunja gazeti liwe utepe mwembamba, ulipange nyuma ya ngozi kuzunguka sawasawa, kisha urudishe ukanda mahali pake. Baba yako mwenyewe alikuwa akifanya hivyo kila aliponyoa nywele.

Na kule kubonyea mbele unakosema kunatokana na kuishika kwa vidole pale juu. Ishike kwa ukingo, mikono miwili. Kofia ile haikufumwa, mwanangu. Ni manyoya ya sungura yaliyoshindiliwa kwa maji ya moto na mvuke mpaka yakashikana yenyewe, ndiyo maana huoni uzi hata mmoja. Basi kwa mvuke ilipata umbo, na kwa mvuke italipata tena. Chemsha birika, ishike kofia kama shibiri moja juu ya mdomo wake, hesabu hadi kumi, halafu sukuma lile bonde kutokea ndani, polepole, kwa matumbo ya vidole. Utasikia kitambaa kinalainika kama unga uliokandwa. Kikishatulia, usikiguse mpaka kipoe. Pasi isiikaribie, wala usiianike juani; joto kali linaisinyaza, na ikisinyaa ndiyo basi. Ikinyeshewa, geuza ule ukanda wa ngozi nje, uisimamishe juu yake kivulini mpaka ikauke. Kwenye boda ishike mkononi. Na jua la saa saba likikuzidi, tafuta ya majani, ile wanayoiita panama ingawa inasukwa Ecuador. Pama ya manyoya ni ya asubuhi na jioni.

Sasa suti. Unajua babu yako, baba yangu mimi, alishona kwenye baraza la duka la Mhindi pale Main Street hadi 1972, Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke. Mwenye duka alimwachia mkasi, na kwa mkasi huo mimi nilijifunza kazi. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa bega. Kiuno fundi atakipunguza, mikono ataifupisha, suruali ataipandisha au kuishusha. Bega la koti ukitaka libadilishwe, utalipa zaidi kuliko ulivyonunulia koti lenyewe, na bado litakaa upande. Kwa hiyo pale Owino livae, simama ubavu kwa ukuta. Bega la koti likigusa ukuta kabla ya mkono wako, rudisha, hata kama rangi imekuingia moyoni.

Kisha angalia kitambaa. Chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, uuwashe kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake yanasagika kidoleni. Ukiona unayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi, hiyo ni plastiki, utatoka jasho kanisani kabla bibi harusi hajafika. Halafu finya kifua cha koti chini ya tundu la kifungo, vuta tabaka la nje na bitana mbalimbali. Ukisikia kitu cha tatu kikielea katikati, huyo aliyeshona alikuwa fundi hasa. Mwisho liinue kwenye mwanga utafute matundu ya nondo, hasa chini ya kola.

Makoti ya namna hiyo yamo kwenye marobota, mengine mazuri kuliko tunayoweza kushona hapa kwa bei yako. Ndiyo maana nakwambia koti nunua mtumba. Suruali nitakushonea mimi, ya kukaa kitovuni, marinda mawili kila upande, na pindo la chini la kugeuzwa nje. Koti la zamani lilikatwa kwa ajili ya suruali ya juu. Ukilivalia suruali ya nyongani, shati linachungulia katikati na mwili wako wote unaonekana umekatwa vipande viwili. Kifungo cha chini cha koti usikifunge kamwe.

Ukishalipata usilipeleke kwa dobi yeyote. Koti la harusi la baba yako lilirudi kola imelazwa bapa kwa pasi, ikang'aa kama karatasi, na miaka yote iliyobaki haikujikunja tena vile ilivyokatwa. Niliumia sana, kwa sababu kola ile niliishona kwa mkono.

Njoo Ijumaa jioni. Kwenye teksi pama iweke magotini, juu chini, isilalie ukingo. Koti ulilete hata kama lina doa. Kitambaa cha suruali nimekwisha kukipata, bluu nzito, mita moja na nusu, na birika nitaliweka jikoni tayari.

Mama yako