PP2: homuweki ya kurasa nzima na muda wa kucheza

Swali: Mwalimu, habari yako. Binti yangu ana miaka mitano, yuko PP2, mwaka wa mwisho wa shule ya awali. Kila jioni anapewa kazi ya kuandika 1 hadi 100, na hulia akiandika. Mwalimu wake anataka aende tuisheni likizo ya Agosti ili awe tayari kwa Gredi ya 1. Jirani anasema nimhamishie shule ambayo watoto wanacheza tu. Nifuate lipi? – Mama Neema, Pipeline

Jibu: Mama Neema, pole kwa hayo machozi ya kila jioni. Mimi singefuata ushauri wa mwalimu wala wa jirani.

Yapo mambo ambayo Neema hawezi kuyagundua mwenyewe hata acheze mwaka mzima. Hakuna mchezo utakaomfunulia sauti ya b au ya d. Ni lazima afundishwe na arudie. Hapo kukaririsha kuna kazi yake. Kiswahili kinamsaidia, maana herufi zake husomeka kwa namna moja karibu kila mahali: akishika ma, me, mi, mo, mu, keshasoma "mama" na "mimi". Ila kipimo kiwe kidogo. Dakika kumi kila jioni zinafaa kuliko saa nzima Jumamosi, kwa sababu mtoto hushika zaidi kinachorudiwa mara kwa mara kwa vipindi vifupi.

Hesabu ni habari nyingine. Leo jioni mwage maharagwe mezani, umwombe akupe saba. Akihesabu saba akasimama, anajua saba ni ngapi. Akiendelea mpaka maharagwe yaishe, basi ile 1 hadi 100 ya daftarini ameishika kama wimbo, na kuiandika tena kesho hakutamwongezea kitu.

Hapa ndipo mchezo unapofundisha kuliko daftari, mradi uwe mchezo uliopangwa. Mwaka 2008, watafiti Geetha Ramani na Robert Siegler wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwachezesha watoto wa shule ya awali, wa familia zenye kipato kidogo, mchezo wa kusogeza kete kwenye miraba iliyopangwa kwa mstari, yenye nambari 1 hadi 10. Vipindi vinne vya dakika 15 hadi 20, ndani ya wiki mbili, viliinua uelewa wao wa nambari. Wenzao waliocheza kwenye ubao wenye rangi bila nambari hawakupata faida hiyo. Laiti jirani yako angelijua hili: walicheza wote, lakini walionufaika ni wale ambao mchezo wao ulibeba somo.

Unaweza kuutengeneza nyumbani. Kata katoni, chora miraba kumi, tumia vifuniko vya soda kuwa kete, na vikaratasi vya 1 na 2 vya kuchota. Zingatia hili sana: akiwa kwenye 3 na amechota 2, aseme "nne, tano" akisogeza, si "moja, mbili".

Kuhusu mkono unaochoka: katika umri huo baadhi ya mifupa midogo ya kifundo cha mkono bado ni gegedu, na misuli ya vidole haijakomaa. Kukanda unga wa chapati, kuchambua mchele, kufunga vifungo na kucheza bano (gololi) humwandaa kushika penseli. Najua ploti nyingi za Pipeline hazina uwanja. Korido inatosha kwa bano, na mchezo wa kati (wa kukwepa mpira) au kuruka kamba mwache acheze shuleni.

Tuisheni ya likizo usiilipie. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013, kifungu cha 37, inaikataza. Kuhusu homuweki, mwone mwalimu kwa upole, umkumbushe kwamba kipindi cha PP2 chenyewe ni dakika 30. Mwombe nambari kumi zenye vitu vya kuhesabu badala ya mia tupu. Hata kabla hajakubali, dakika kumi zikiisha funga daftari na uandike "tumefika hapa", kisha utie sahihi.

Ukiendelea hivyo muhula mzima na Neema bado hatambui irabu, au hasikii kwamba "mama" na "maji" yanaanza kwa sauti moja, mpimishe macho na masikio kwanza. Yakiwa sawa, mpeleke kituo cha EARC (kituo cha kutathmini mahitaji ya watoto katika kujifunza) kilicho karibu nanyi wamtathmini.