Maswali yenu: Hadubini ya fotoni mbili na giza la kina

SWALI: Tunapiga picha za neuroni zenye GFP (protini inayong'aa kijani) katika ubongo wa panya aliye hai, kupitia dirisha la kioo lililowekwa kwenye fuvu, leza ikiwa kwenye nanomita 920. Mpaka mikromita 150 tunaona vizuri, lakini tukifika 400 ni giza tupu. Nikiongeza nguvu, juu kunaungua. Je, leza imechoka?

JIBU: Usiilaumu leza kwanza. Katika ubongo, nguvu ya mwanga huo hupungua karibu mara 2.7 kwa kila mikromita 150 hivi, na mng'ao hufuata mraba wa nguvu. Kutoka 150 hadi 400 utahitaji nguvu kama mara tano. Iambie programu iipandishe tabaka kwa tabaka. Ukiweka kiwango kimoja cha kukidhi chini, lazima uunguze juu.

Halafu, kipokea mwanga kiko wapi? Wanaotoka kwenye hadubini ya konfokali, ambayo huchuja mwanga usiotoka kwenye fokasi kwa kuupitisha kwenye kitundu kidogo, hukosea hapa. Fotoni (chembe za mwanga) zinazotoka kina hutawanyika njiani, na ukizirudisha kupitia vioo vya skana (vinavyotembeza mwale wa leza) na kitundu, nyingi hupotea. Kitundu hakina kazi hapa, kwa sababu ni kwenye fokasi tu, pale mwale unapokusanyika, ndiko molekuli humeza fotoni mbili kwa pamoja. Weka kipokeaji nyuma ya lenzi moja kwa moja, na lenzi iwe ya kuzamishwa majini, ya kukuza mara 20, yenye NA (kipimo cha uwezo wa kukusanya mwanga) ya 1.0.

Pete ya lenzi ya kurekebisha kulingana na unene wa kioo cha dirisha izungushe ukitazama neuroni moja iliyo chini, si ya juu, na uiache pale inapong'aa zaidi. Dirisha likiinama hata digrii chache, picha huchafuka.

Mapigo ya leza nayo hurefuka yakipita kwenye vioo vingi: pigo la femtosekunde 100 likifika 200, mng'ao unabaki nusu. Kama leza yako ina kifidio cha mtawanyo (kifaa cha kufidia kurefuka huko), kirekebishe ukitazama tone la fluoresini, rangi inayong'aa.

Tone hilohilo lina jaribio jingine. Pandisha nguvu kutoka miliwati 5 hadi 10. Mng'ao ukiongezeka mara nne, ni fotoni mbili kweli. Ukiongezeka mara mbili tu, mwanga wa leza unapenya kichujio kinachopaswa kuuzuia usifike kwenye kipokeaji. Usipobadilika, ni mwanga wa nje: zima taa ya chumba, na ufunike skrini ya kompyuta pia.

SWALI: Na milimita moja chini?

JIBU: Huko mng'ao wa tabaka za juu huanza kuifunika fokasi. Hamia fotoni tatu, nanomita 1300 kwa GFP, kwa leza ya mapigo machache yenye nguvu kubwa, takriban milioni moja kwa sekunde badala ya milioni 80.