Unataka kuja kupima ngozi bure kusini? Uliza kwanza korosho zimefikia wapi

Madaktari wenzangu wa ngozi hunipigia simu wakitaka kuja Mtwara kujitolea wikiendi moja. Nawakaribisha, ila swali langu la kwanza huwa ni mwezi gani. Huku mwaka unakwenda na mkorosho. Kati ya Juni na Agosti watu wako shambani tangu alfajiri wanapuliza salfa kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Ikifika Oktoba wanaokota na kusikilizia mnada. Tangaza kambi ya kupima ngozi Tandahimba mwezi wa Novemba uone: watakuja wazee na watoto, na wale wenye mikono iliyoungua watabaki mikoroshoni. Mimi napenda Mei, mvua zikishapungua na barabara za vijijini zikipitika. Ijumaa iache, maana adhana ya adhuhuri ikilia utabaki na viti.

Mikono hiyo ndiyo inayonifanya niwe mkali kuhusu tarehe. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza. Akina mama wanaobangua nyumbani huja na vidole vyeusi vinavyochubuka, na wengi walishaambiwa ni aleji wakauziwa krimu. Krimu itafanya nini ikiwa kesho anabangua tena? Mwambie avae glovu. Akikosa, apake mafuta ya kula kabla ya kuanza, anawe kwa sabuni kila anapopumzika, asijishike usoni. Mpuliza salfa naye avae mikono mirefu na kujifunga kitambaa puani, kisha aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto.

Ushauri wa vitabuni uupime na maji. Uwanda wa Makonde, hasa Newala, una shida ya maji ya miaka mingi. Niliwahi kumweleza bibi mmoja achemshe mashuka ya nyumba nzima kwa sababu ya upele, akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, ya kunywa yenyewe tunanunua." Tangu hapo nasema hivi: nguo na mashuka fungeni kwenye mfuko wa plastiki siku tatu bila kugusa, vimelea vitakufa vyenyewe. Dawa ipakwe usiku uleule kwa wote wanaoishi pamoja, kuanzia shingoni hadi nyayoni, hata asiyewashwa. Na waambie mapema kwamba muwasho unaweza kubaki wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, la sivyo watapaka na kupaka hadi ngozi ichubuke.

Sasa ukoma, ambao kwangu ndio sababu kubwa ya mtaalamu wa ngozi kufunga safari. Tanzania ilifikia lengo la kitaifa la kuutokomeza mwaka 2006, yaani chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000, lakini Lindi na Mtwara zimeendelea kuwa na wagonjwa. Hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao zinaujua ugonjwa huu vizuri. Hasara ya lengo kufikiwa ni kwamba tabibu kijana wa zahanati huenda hajawahi kuona hata mgonjwa mmoja. Akiona baka lililopauka anaandika fangasi. Basi kaa naye. Mpe kipande cha pamba, amguse mgonjwa aliyefumba macho, kwanza kwenye ngozi nzima kisha kwenye baka. Baka la fangasi mara nyingi huwasha; la ukoma haliwashi, na mara nyingi lina ganzi. Mwonyeshe kupapasa mshipa wa fahamu nyuma ya kiwiko. Dawa ni bure, miezi 6 au 12 kulingana na aina. Wanaoishi na mgonjwa nao wakaguliwe, ila usimtangaze mbele ya foleni. Khanga mbili na kamba darasani zinatosha kuwa pazia, na mwanamke akaguliwe na mwanamke inapowezekana.

Mapunye ya watoto hayasikii krimu, yanataka vidonge vya griseofulvin kwa wiki kadhaa. Kama hukuja navyo vya kutosha, usianze.

Kuhusu krimu za mchanganyiko, zile zenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho) na dawa ya fangasi ndani ya tyubu moja, mimi siko tayari kuzigawa kambini. Zinatuliza muwasho huku fangasi ikienea chini kwa chini, na nyingine zinaishia usoni kama mkorogo.

Wenye ualbino usiwape tyubu moja ya kujikinga na jua ukaondoka. Kituo cha mafunzo ya ngozi cha hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1992, ndiko ulikoanzia utengenezaji wa losheni ya jua kwa ajili yao. Ulizia utaratibu wa kuipata mara kwa mara kabla hujaja, na majina yabaki zahanati. Kagua dalili za saratani ya ngozi midomoni, masikioni na shingoni. Kidonda kisichopona kipewe rufaa siku hiyohiyo, pamoja na nauli ikiwezekana.

Barua ipitie kwa Mganga Mkuu wa wilaya, kisha mtendaji na mwenyekiti wa kijiji. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii ndio watakaokujazia uwanja, walipwe posho yao. Ukiondoka, muachie tabibu namba yako akutumie picha: mchana, nje kivulini, moja ya mbali na moja ya karibu, bila uso kama baka haliko usoni, na mgonjwa awe ameridhia. Akituma, jibu.