Maswali ya Wasomaji: Mifupa ya Pwani na Ushahidi Uliobaki Ndani Yake

SWALI: Bwana Mhariri, salamu nyingi. Mimi ni mwanafunzi wa akiolojia, mwaka wa pili. Mwalimu wetu alitutajia kongamano la kimataifa la akiolojia ya biomolekuli, ambako wataalamu hujadili DNA ya watu wa kale, protini na mabaki ya mafuta kwenye vyungu. Nimevutiwa, ila nina shaka: joto la pwani yetu huozesha kila kitu. Je, taaluma hii inatuhusu, au ni ya nchi za barafu tu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Shaka yako ina msingi. DNA huanza kukatikakatika mara tu kiumbe anapokufa, na joto pamoja na unyevu huharakisha uharibifu huo. Ndiyo maana mwaka 2022 iliripotiwa DNA ya umri wa takriban miaka milioni 2 kutoka udongo ulioganda wa Greenland, ilhali jenomu (yaani DNA yote ya mtu) ya kwanza ya mtu wa kale wa Afrika, iliyochapishwa mwaka 2015, ni ya mtu aliyeishi miaka 4,500 tu iliyopita, naye alizikwa katika pango la Mota kwenye nyanda za juu za Ethiopia, mahali penye ubaridi.

Kilichobadilisha hali ni kugundua pa kutafuta. Ndani ya fuvu, kuzunguka sikio la ndani, kuna mfupa mgumu kuliko mingine yote mwilini, na humo DNA hudumu hata pale ambapo mbavu na mapaja hayana kitu tena. Mtaalamu huingia katika chumba maalumu akiwa amevaa vazi la kumfunika mwili mzima, barakoa na glovu jozi mbili, akakwangua tabaka la nje lililoshikwa na mikono ya wachimbaji, kisha akatoboa taratibu mpaka apate unga usiofika hata robo ya kijiko cha chai. Katika unga huo, DNA iliyo nyingi huwa ni ya bakteria wa udongoni. Ile ya binadamu wa kale hutambulika kwa jeraha lake: kwenye ncha za vipande vyake, herufi C, mojawapo ya herufi nne za kikemia zinazounda DNA, huwa imeharibika kwa namna inayoifanya mashine iisome kama T, alama ambayo DNA ya mchimbaji wa leo haina.

Kwa njia hizo pwani yetu nayo ilipata kusomwa. Mwezi Machi 2023, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa kundi lililowajumuisha Chapurukha Kusimba, Esther Brielle na David Reich, uliochunguza watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani, ikiwemo Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara, kati ya mwaka 1250 na 1800, pamoja na mji mmoja wa bara. Wengi wa watu hao wa pwani walirithi zaidi ya nusu ya DNA yao kutoka kwa Waafrika, hasa wanawake, na sehemu kubwa iliyobaki kutoka Asia. Na katika sehemu hiyo ya Asia, asilimia 80 hadi 90 ilitoka kwa wanaume wa Uajemi. Mchanganyiko ulianza kufikia mwaka 1000 hivi, na baada ya mwaka 1500 asili ya Kiarabu ikazidi kuingia. Masimulizi kuhusu Washirazi, waliosemekana kutoka Uajemi, yaliyomo katika Tarehe ya Kilwa, yaani historia ya kale ya mji huo, ambayo wasomi wengi walikwisha kuyaweka kando kama ngano za kujikweza, yakapata shahidi asiyetarajiwa.

Hata hivyo, sikubaliani na wale walioyapokea matokeo hayo kana kwamba yamethibitisha kuwa Waswahili ni Waajemi. Makaburi mengi yaliyochimbwa ni ya watu wenye hadhi mjini. Mvuvi na mkulima wa kitongoji hawamo kwa wingi. Isitoshe, DNA hueleza nani alizaa na nani, haielezi walizungumza lugha gani wala walijiita nani. Lugha yetu ni ya Kibantu, na jambo hilo halikungoja maabara.

Ikiwa DNA imekwisha kabisa, usikate tamaa. Mafuta ya chakula hunywewa na kuta za chungu kisichopakwa rangi ya kioo, yakabaki humo kwa maelfu ya miaka. Maabara husaga kipande cha kigae, ikayatoa mafuta na kupima kaboni yake, kwa kuwa mafuta ya maziwa hutofautiana na ya nyama. Utafiti wa namna hiyo, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha maziwa, nyama na mimea katika vyungu vya wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania. Protini za maziwa zimepatikana pia katika ukoga wa meno. Kolajeni, ambayo ni protini ya mfupa, nayo hutenganisha mbuzi na kondoo, kazi ambayo kwa macho huwashinda hata wazoefu.

Kuhusu kongamano lenyewe, limewahi kukutana Oxford mwaka 2016, Jena mwaka 2018 na Tartu mwaka 2023. Miji hiyo yote iko Ulaya, na kwa maoni yangu huo ni upungufu, maana nauli na viza huwazuia wengi wanaoyafahamu maeneo yanayojadiliwa. Anza na muhtasari wa mada, kisha andaa bango la kuieleza kongamanoni. Wanafunzi wengi huanzia hapo.

SWALI: Mtafiti akija kuomba mifupa ya makaburi ya wazee wetu, tumuulize nini?
Msomaji, Lamu

JIBU: Kwanza mwombeni kibali cha Makumbusho ya Taifa ya Kenya na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya Kenya. Kisha muulizeni atachukua kiasi gani, unga utakaobaki utarudi wapi, na nani atakuja kuwasomea matokeo kwa Kiswahili kabla hayajatoka magazetini. Mwaka 2021 wataalamu 64 kutoka nchi 31 walitoa miongozo mitano inayodai, pamoja na mengine, kupunguza uharibifu wa mabaki na kushauriana na wahusika. Pia mtakeni ataje tarehe ya kuzika upya, iandikwe katika makubaliano kabla jembe halijagusa ardhi.