Spliti mbili mfululizo: mwanga unapotelea wapi?

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Mimi ni fundi wa fiba hapa Ihumwa, Dodoma. Nimefunga spliti (kigawa mwanga) ya 1:8, yaani njia moja kutoa matawi manane, karibu na barabara kuu, na kwenye tundu lake moja nimeunga nyingine ya 1:8 mtaa wa ndani. Wateja wote wa spliti ya pili wanasoma -29 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga; namba ikishuka chini, mwanga ni hafifu zaidi), taa nyekundu haizimiki. Mitaa mingine iko salama. Mtambo unaotuma mwanga unatoa +3 dBm, umbali ni kilomita 4. Wenzangu wanasema spliti mbili hazifuatani. Nizing'oe?

JIBU: Nzuri, fundi. Usizing'oe kabla ya kupiga hesabu. Spliti haina umeme ndani. Ni kioo kinachogawa mwanga, na kila unapogawanywa nusu kwa nusu hupungua desibeli 3. Matawi manane ni migawanyo mitatu, yaani 9, na kwa upotevu wa kifaa chenyewe weka 10.5. Spliti mbili ni 21. Kilomita 4 hula kama 1, konekta (viunganishi) zote tuseme 2. Jumla 24; ukizitoa kwenye +3 ya mtambo, wateja wako wangepaswa kusoma karibu -21, wakati vifaa vya kawaida vya GPON (mtandao wa fiba unaogawa mwanga kwa spliti) huvumilia hadi -27. Kwa hiyo mpangilio wako ni halali kabisa. Kuna desibeli kama 8 zinazopotea mahali.

Kwa kuwa mitaa mingine ni mizima, tatizo liko baada ya spliti ya kwanza. Fungua boksi la pili, pima waya unaoingia kwenye spliti. Ukisoma karibu -10, spliti yenyewe ndiyo mbovu, ibadilishe. Ukisoma -18, rudi nyuma kuelekea spliti ya kwanza.

Hapo angalia konekta. Ya kijani imechongwa mshazari wa digrii 8, ya bluu haina mshazari huo; ukizikutanisha, ncha hazigusani sawasawa na desibeli kadhaa zinapotea palepale. Hili nimelikuta mara nyingi, hasa adapta zikinunuliwa kwa haraka. Kisha vumbi. Njia ya mwanga ina upana wa maikromita 9 tu, na kiangazi cha Dodoma chenye upepo kinatosha kuiziba kwa chembe moja. Safisha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na spiriti ya isopropili, ukague kwa mikroskopu ya fiba, ukiwa umechomoa upande wenye mwanga. Mwanga wa mtambo, wenye urefu wa wimbi wa 1490 nm (nanomita), hauonekani lakini unadhuru jicho.

Konekta zikiwa safi, pima waya kwa mwanga wa 1310 nm na wa 1550 nm. Upotevu ukizidi sana kwenye 1550, waya umekunjwa mno. Tafuta kibanio kilichokazwa ndani ya boksi.