Usiku wa kutoka Barafu kwenda Uhuru

Ukipanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, lipia siku 7, usilipie 6. Kwenye ratiba ya siku 6 unatoka kambi ya Barranco, unapanda ule ukuta wa mawe, unaipita kambi ya Karanga na kufika Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, umechoka. Saa chache baadaye unaamshwa kwenda kileleni. Siku ya ziada inakupa usiku mmoja Karanga, kwenye mita kama 4,000. Kesho yake unaingia Barafu mchana, unakula, unalala. Wengi wanaorudishwa njiani miguu yao bado ina nguvu. Kilichokosekana ni muda wa mwili kuzoea hewa nyepesi.

Safari huanza karibu saa sita usiku, na baridi hushuka nyuzi 10 hata 20 chini ya sifuri. Usivae kila kitu mwanzoni: ukitoka jasho, ukisimama tu linakugandisha. Koti zito liwe juu kabisa kwenye begi. Soksi mbili nene ndani ya buti linalobana huzuia damu, na vidole hufa ganzi.

Maji yana ufundi wake. Mrija wa mfuko wa maji huganda mapema, kwa sababu ni mwembamba na upepo unaupiga pande zote. Beba chupa mbili za lita moja zenye mdomo mpana, jaza maji ya moto, zivishe soksi nzito, kaza vifuniko, kisha zisimamishe kichwa chini. Maji huanza kuganda juu. Ukiigeuza chupa, mdomoni unakuta maji.

Mwendo ni pole pole kwelikweli: ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, punguza. Pumzika dakika mbili tatu, ukiwa umesimama.

Kichwa kuuma kidogo ni kawaida. Kupepesuka, kuchanganyikiwa, au kuhema hata ukiwa umetulia si kawaida: ubongo unavimba au mapafu yanajaa maji. Mtu akishindwa kutembea kisigino kwa kidole kwenye mstari mnyooka, ateremshwe saa hiyohiyo akiwa na mwongozaji, hata kama Stella Point, pale kwenye ukingo wa kreta, inaonekana. Acetazolamide, dawa ya kusaidia mwili kuzoea mwinuko uliyoandikiwa na daktari, haichukui nafasi ya kushuka.

Ukishuka kutoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, changarawe hukutelezesha na vidole hugonga ncha ya buti. Kata kucha kabla ya safari, na ukianza kuteremka kaza kamba za buti kwenye kifundo cha mguu.