WhatsApp inaingia ila Firefox inasema hakuna intaneti

Pole mkuu, kama WhatsApp ya kwenye laptopu inaingia freshi ila Firefox ndo inagoma basi bando lipo na hotispoti haina kosa, usikimbilie kwa fundi pale Mwanjelwa akakupigie windo (Windows) upya hela ikaenda bure.

Anza na hiki cha kijinga kabisa, bonyeza Alt menyu itatokea juu, ingia File uone kama "Work Offline" ina tiki, itoe. Mimi ilinitesa siku mbili nipo Uyole na baridi lake, kumbe dogo kachezea kibodi.

Kama haina tiki ingia setingi za Firefox, shuka chini kabisa kwenye Network Settings uchague "No proxy" (proksi ni kompyuta ya kati ambayo brauza inapitia kwenda mtandaoni). Hapa ndo wengi wanakwama, kuna zile vipien (VPN) za bure mtu anazishusha, akizifuta zingine zinaacha proksi yao nyuma, sasa brauza inabaki inagonga mlango wa nyumba iliyohamwa.

Saa na tarehe nazo cheki, ila zikiwa mbovu mara nyingi italalamikia vyeti vya usalama, sio mtandao.

Bado? Fungua cmd (lile dirisha jeusi la kuandika amri) andika ping 8.8.8.8, ikijibu wakati majina ya tovuti hayafunguki shida ni DNS, yaani ile huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba, weka hiyohiyo 8.8.8.8 au 1.1.1.1 kwenye setingi za Wi-Fi. Antivairasi izime dakika moja ujaribu, halafu iwashe, usisahau kama mimi. Ikigoma tuandikie hayo maneno inayokuonyesha kama yalivyo.